Dada Zamu na Neno Lililobeba Siku

Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja katika chumba cha simu cha idara yetu ya maji, Dada Zamu anastaafu rasmi leo Ijumaa, saa kumi jioni. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe kwa penseli. Ofisi ya utumishi ilipoleta hesabu yake, iliyopungua siku mbili, ni ofisi ya utumishi iliyorudi kurekebisha. Anayemjua hatashangaa.

Wageni waalikwa wataona kwamba mezani pana keki, pana maua, na pana kadi kubwa tuliyotia sahihi sote mpaka wale wanaodaiwa kuwa likizo. Hapana ngao. Ile ngao ya mbao yenye kibati cha jina hupewa mstaafu aliyemaliza kazi bila doa kwenye jalada lake, na jalada la Dada Zamu lina barua moja ya onyo, ya miezi mitano iliyopita. Kanuni ni kanuni. Wasifu wa kawaida ungeliruka jambo hilo kwa adabu, ukapita kama mtu anayeruka dimbwi kwa viatu vipya. Huu hautaliruka. Mwandishi wake, ambaye ni mtu wa kitengo cha kompyuta, ameomba mwenyewe kuuandika, na haoni namna ya kumweleza mwanamke huyu bila kuieleza barua ile.

Kwanza jina. Alipoajiriwa alikuwa na miaka ishirini na sita na ushei, mrefu, mwepesi wa kucheka, na mafundi walimwita dada. Miaka ikapita, akawa mama wa watoto watatu, kisha bibi wa wajukuu wanne. Kila aliyejaribu kumpandisha daraja na kumwita mama alirudishwa palepale: mama yuko nyumbani, hapa yupo dada. Hata Mkurugenzi wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, humwita hivyo. Zamu likaongezwa baadaye, kwa kuwa ndilo neno alilolisikia mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko alivyolisikia jina lake kwa mwezi.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: bomba halina adabu ya kupasuka saa za kazi. Kwa hiyo kila usiku, na kila siku ya mapumziko, yuko fundi mmoja aliye nyumbani kwake na simu imewashwa, tayari kuitwa. Hiyo ndiyo zamu ya dharura. Kujua mwenye zamu ni nani, kumpata, na kumtoa kitandani bila kugombana naye, ndiyo kazi aliyoifanya Dada Zamu tangu simu zikiwa na nyaya.

Alianza na ubao mweusi na kipande cha chaki. Mwaka wa tatu idara ilipohamia jengo hili, daftari la namba za simu lilipotea njiani pamoja na viti viwili na saa ya ukutani. Viti havikupatikana hadi leo. Namba zilipatikana siku ileile, kwa sababu Dada Zamu alikaa chini akazitaja zote, mia moja na arobaini na tatu, huku karani akiandika. Alikosea moja tu, ya mhasibu, na wapo wanaosema aliikosea makusudi.

Hakuwahi kumwambia mpigaji kwamba mtu hayupo. Alisema atamtafuta, na akamtafuta. Kuna fundi mmoja, sasa ni mzee wa heshima na yumo ukumbini humu, ambaye jioni moja ya mvua aliipokea simu akaibana pua na kudai kwamba fundi ametoka, anayeongea ni kaka yake. Dada Zamu hakubishana. Alimwomba huyo kaka amwambie fundi, akirudi, avae buti kwa kuwa gari limeshafika kwenye kona ya nyumba yake, na yeye kaka mtu aje naye amshikie tochi, maana sauti zao zinalingana sana, bila shaka na mikono yao inalingana. Fundi alikwenda. Tochi alijishikia mwenyewe kwa meno.

Mumewe alikuwa msoma mita wa idara hii hii. Wengi wetu hatukumwahi. Alifariki miaka tisa iliyopita, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na idara ikamuaga kwa tangazo la mistari mitatu kwenye ubao wa matangazo, lililobandikwa juu ya ratiba ya chai. Dada Zamu hakulalamika. Lakini tangu wakati ule alisema wazi kwamba anaitaka ile ngao, na hakuona haya kuitaka. Alisema nyumba iliyotoa watu wawili kwa ofisi moja inastahili kuwa na kitu kimoja cha ofisi hiyo ukutani. Mwaka huu ulipoanza, mjukuu wake mkubwa alimpigilia msumari sebuleni, pembeni ya picha ya babu.

Sasa tufike kwenye mashine.

Mwaka jana idara iliamua kwamba watu waache kupiga simu kuuliza zamu, waulize roboti. Ni programu inayokaa kwenye simu ya mkononi. Unaiandikia ujumbe, nayo inakujibu kwa maandishi. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyeitengeneza, akiwa mgeni kazini, bado yuko katika mwaka wa majaribio, ana kila sababu ya kutaka kuonekana. Tuliibatiza Mjibu. Wengi walitarajia Dada Zamu atainunia kama mke mwenza. Badala yake alivuta kiti, akavaa miwani, akaiandikia: Habari za asubuhi. Mjibu akamjibu kwamba amri hiyo haitambuliki.

Dada Zamu alivua miwani akasema mtoto huyu hajafundwa. Kazi ya kwanza aliyompa mwandishi ilikuwa kuifundisha mashine kuitikia salamu. Mwandishi alijitetea kwamba salamu hazimo katika mahitaji ya mfumo. Dada Zamu akamwambia, kwa upole ule wake unaouma kuliko kofi, kwamba mtu aliyeamshwa kwa dharura akijibiwa vibaya neno la kwanza, la pili haliulizi.

Na kweli, Mjibu wa siku zile alikuwa na amri kumi na tisa, zote ndefu, zote zenye vistari katikati. Ili kujua fundi wa leo, ilibidi uandike ONYESHA, kistari, RATIBA, kistari, namba ya kituo, kistari, tarehe kwa tarakimu nane. Ukikosea kistari kimoja, ulitakiwa uanze upya kwa mpangilio sahihi. Msimamizi wa mabomba, mwenye vidole kama ndizi na matope mpaka viwiko, alijaribu mara nne akiwa juu ya bomba linalomwaga, kisha akampigia Dada Zamu kama zamani. Jibu alilipata kwa pumzi moja.

Dada Zamu akaleta daftari. Kwa wiki tatu alikuwa ameandika, neno kwa neno, jinsi watu wanavyouliza kweli. Nani yupo? Leo kashika nani? Nipe mtu wa pampu. Kesho kutwa ni nani? Ni mimi au si mimi? Mzee mmoja wa ghala alikuwa na desturi ya kuuliza zamu ya mtondogoo, yaani siku ya nne kuanzia kesho, na Dada Zamu alishikilia kwamba mashine ya Kiswahili isiyojua mtondogoo haina budi kurudishwa shule. Ilirudishwa. Ikarudishwa tena ilipogundulika kwamba inahesabu saa kwa mtindo wa viwanja vya ndege: ukiuliza nani yupo saa mbili usiku, inakupa mtu wa saa nane, na mtu wa saa nane anakupa maneno yake.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, yeye na mwandishi, kwenye meza moja yenye mguu mmoja mfupi. Alimwita mdogo wangu. Alimkatia nusu ya andazi lake bila kumuuliza kama ana njaa, maana aliiona. Mke wa mwandishi alikuwa amejifungua juzi tu, nyumba ilikuwa haina usingizi, na kuna siku mwandishi alisinzia juu ya kibodi akaandika mstari mzima wa herufi moja. Dada Zamu aliigeuza simu yake isilie, akamwacha alale robo saa.

Kisha ikaja ile Jumatatu.

Saa moja jioni pampu ya kituo cha pili ilizimika. Karani wa usiku chumba cha simu akamuuliza Mjibu nani yupo sasa, Mjibu akamtaja Fundi Kimya. Akapigiwa mara kumi na moja. Simu yake haikupatikana. Fundi mwingine alipatikana asubuhi, na pampu ikarudi saa tatu. Katikati ya hapo, wodi ya wazazi ya hospitali ya mji ilikosa maji. Wauguzi walibeba ndoo kutoka tangi la shule ya jirani, na walikuwepo watoto wachanga kumi na sita siku hiyo. Hakuna aliyepoteza maisha, tunashukuru. Lakini muuguzi mkuu aliandika barua ambayo hakuna aliyeisoma akabaki amekaa vizuri kwenye kiti.

Fundi Kimya ni fundi wa pampu, miaka saba kazini, mtu wa maneno matano kwa siku, na siku ya mshahara sita. Alikuwa amekwenda kumpelekea baba yake dawa, huko ambako mtandao hauingii. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu alisema tu kwamba aliambiwa Jumanne. Basi. Mtu wa namna hiyo hajui kujitetea, na kamati haikuwa na mahali pa kuyatia maneno yaliyopungua kiasi kile. Mwandishi aliitwa kutoa ushahidi wa mashine. Alileta karatasi zilizochapwa vizuri, zenye saa na dakika, zikionyesha kwamba Mjibu alipoulizwa nani yupo sasa alijibu Fundi Kimya, na kwamba ratiba ndivyo ilivyosema. Mashine haikukosea. Adhabu iliyokuwa ikinukia ni kufukuzwa kazi.

Dada Zamu aliitwa mwisho, kuthibitisha tu kwamba simu zilipigwa. Akathibitisha. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye Mkurugenzi, akamshukuru na kumruhusu aondoke. Hakuondoka. Aliomba simu ya Fundi Kimya, akatafuta ujumbe wa asubuhi ya ile Jumatatu, akaupitisha mezani mkono kwa mkono. Fundi Kimya alikuwa amemuuliza Mjibu zamu yangu ni lini. Mjibu alikuwa amemjibu: usiku wa Jumanne.

Kisha akaomba karatasi saba ndogo. Wajumbe walikuwa saba. Akawaomba kila mmoja, bila kuchungulia kwa jirani, aandike usiku wa Jumanne ni usiku upi: ule unaofuata baada ya jua la Jumatatu kuzama, au ule unaofuata baada ya jua la Jumanne kuzama. Watu wazima, wengine wana shahada mbili, waliinama kama wanafunzi wa mtihani. Karatasi zilipofunguliwa, wanne waliandika Jumanne baada ya jua kuzama. Watatu waliandika Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa mmoja wa hao watatu, baada ya kufuta mara moja.

Hapo ndipo alipotoa somo ambalo waliokuwepo hawatalisahau. Katika Kiswahili walichotulea nacho bibi zetu, usiku hutangulia na mchana hufuata. Usiku wa Jumanne ndio unaoizaa Jumanne, na Jumatatu jua likizama tumeshauingia. Vijana wa leo wanahesabu kama saa za mkononi: siku kwanza, usiku wake nyuma. Wote wanasema Kiswahili, na wote wanaelewana mpaka siku pampu itakapozimika. Ndiyo maana kwenye ubao wake, miaka yote, kulikuwa na neno moja la ziada: usiku wa kuamkia Jumanne. Ukisema kuamkia, hakuna mzee wala kijana wa kupotea, kwa sababu unaitaja siku utakayoamka nayo. Mashine ilijua usiku wake kwa tarakimu, ikampa aliyeuliza nani yupo sasa jina lililo sahihi. Ilipomjibu mwenye zamu kwa maneno, ilimpa maneno yenye milango miwili. Fundi Kimya alipita mlango mmoja, ratiba ilipita wa pili.

Fundi Kimya alisafishwa palepale. Aliinuka, akamwangalia Dada Zamu, akasema asante, akakaa. Lilikuwa neno lake la nne siku ile.

Lakini kamati ni kamati, na maji yaliyokosekana wodini yalihitaji mwenyewe. Wajumbe wakauliza ni nani aliyeliacha nje neno hilo. Orodha ya majina na siku, iliyoingizwa kwenye mashine, ilitoka chumba cha simu. Aliyeikagua na kutia sahihi ni nani? Kukawa kimya kifupi, kama urefu wa kumeza mate mara mbili. Dada Zamu akasema orodha ni yake na sahihi ni yake. Wakamwuliza kama ana la kuongeza. Hakuwa nalo. Wiki iliyofuata akapewa barua ya onyo, akaisaini, akaomba nakala. Mjukuu aliuchomoa ule msumari kwa koleo.

Hakususa kazi hata siku moja. Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani saa moja na nusu, daftari mbele yake, na kwa wiki mbili yeye na mwandishi walimfundisha Mjibu upya. Amri kumi na tisa zikawa nne, na zote ni maneno ambayo mtu aliye juu ya ngazi anaweza kuyaandika kwa kidole gumba: nani, yangu, badili, nimeona. Ukiandika nani, unapewa jina la mwenye zamu, la msaidizi wake na namba zao. Ukiandika yangu, unaambiwa zamu yako inaanza siku gani na saa ngapi, inaisha siku gani na saa ngapi, na chini yake, ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa, usiku wa kuamkia siku fulani. Badili ni kwa wale waliozoea kupeana zamu kwa mdomo, kwenye foleni ya chai, kisha kila mmoja akasahau. Na nimeona ndilo wazo lake analolipenda zaidi: fundi lazima ajibu kwamba ameiona zamu yake kabla ya saa sita mchana, la sivyo Mjibu anamwita msaidizi. Mwandishi alipendekeza neno thibitisha. Dada Zamu akasema mtu akiitwa na mama yake hathibitishi, anasema nimesikia.

Tangu siku hiyo, miezi mitano sasa, hakuna zamu hata moja iliyokosa mtu. Muuguzi mkuu wa ile hospitali amekubali mwaliko wetu na ameketi safu ya pili. Fundi Kimya ameketi nyuma yake, bado ni wetu, na juzi alipandishwa kuwa msimamizi wa kituo cha pili. Inasemekana hotuba yake ya shukrani ilifika maneno kumi na mawili.

Hapa ndipo wasifu mzuri ungemalizika. Mwandishi anaomba radhi kwa kuwa hautamalizika hapa, na anaomba pia aache kujificha nyuma ya neno mwandishi. Ni mimi.

Jumatano iliyopita Dada Zamu alinikabidhi kabati la chumba cha simu. Alinionyesha funguo, akaniambia rafu ya chini ina panya, nisiache makombo. Ndani, juu ya daftari lake, kulikuwa na bahasha yenye jina langu. Nikaifungua alipotoka. Ilikuwa na karatasi moja: orodha ya zamu aliyoikagua na kuitia sahihi siku ile kabla Mjibu hajaanza kazi. Orodha halisi, ile ambayo kamati haikuiomba. Kila mstari una neno kuamkia. Usiku wa kuamkia Jumatatu, usiku wa kuamkia Jumanne, mpaka mwisho wa ukurasa.

Aliyelifuta ni mimi. Nafasi ya maandishi kwenye kioo cha simu ilikuwa nyembamba, neno likawa linashuka mstari wa pili na kuharibu sura ya kazi yangu, nami nilitaka kazi yangu iwe na sura. Nilimtumia ujumbe kwanza. Nimekuwa nao kwenye simu wakati wote huu, sijawahi kuwa na ujasiri wa kuufuta wala wa kuuonyesha. Nilimwuliza: Dada, hili neno kuamkia linajaza nafasi bure, nilitoe? Akanijibu ndani ya dakika moja: Usilitoe mdogo wangu, hilo ndilo linalobeba siku. Nikalitoa jioni ileile. Nilidhani ni maneno ya watu wazima.

Siku ya kamati nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Ule ukimya mfupi kabla Dada Zamu hajasema sahihi ni yake, ulikuwa wangu. Nilipewa nafasi, nikaiacha ipite. Ningesema, nisingemaliza mwaka wa majaribio, na nyumbani kulikuwa na mtoto wa wiki saba. Hiyo ndiyo sababu, na naiandika kama ilivyo, bila kuipaka rangi. Nilimwacha Fundi Kimya akaribie kufukuzwa kwa karatasi nilizozichapa mwenyewe, kisha nikamwacha dada yangu abebe kosa ambalo alinionya nisilifanye.

Jumatano nilimkuta kituo cha basi. Nilimwuliza kwa nini hakuutoa ujumbe ule mbele ya kamati. Alikuwa nao, simu ilikuwa mfukoni mwake. Alisema yeye alikuwa anatoka na mimi ndiyo kwanza nimeingia, na onyo moja kwa anayetoka ni karatasi, kwa anayeingia ni mlango wa kutokea. Nikamwuliza kuhusu ngao. Alitazama upande basi linakotokea. Akasema: Ile ngao iliniuma, mdogo wangu, nisikudanganye, iliniuma sana. Kisha basi likafika, akapanda. Hakuniomba nifanye lolote, wala hakunikataza.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwezi uliopita nilithibitishwa kazini, nami nashukuru. Kwenye ukurasa unaofuata wa ratiba hii ya sherehe utaikuta orodha yenye sahihi ya Dada Zamu, na chini yake picha ya ule ujumbe, swali langu na jibu lake, tarehe na saa. Naomba barua ya onyo itolewe katika jalada lake, iandikwe upya kwa jina langu na iingizwe katika langu. Kama itafuatwa na barua nyingine, nitaisaini. Najua utaratibu ungenitaka nilete jambo hili ofisini kwako kwanza. Nilikuja Alhamisi asubuhi, nikafika mpaka kwenye kiti cha mhazili wako, miguu ikanirudisha, kama ilivyonikalisha siku ya kamati. Kwa hiyo nimefanya hivi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa pia kazi ya kuchapa ratiba ya sherehe, na nakala mia mbili zimeshagawiwa kwenye viti. Siwezi tena kurudi nyuma.

Dada Zamu, kwa niaba ya mafundi uliowatoa vitandani na ya familia zao zilizokunung'unikia, kwa niaba ya wauguzi wa wodi ya wazazi, na ya Mjibu ambaye leo anaitikia salamu vizuri kuliko baadhi yetu, tunakushukuru. Uende ukapumzike, simu ikilia apokee mwingine. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, na miaka mingi ya kuamka saa utakayo.

Na mimi, mbele ya watu wote hawa: kosa lilikuwa langu, dada yangu. Nisamehe.